MUULIZE ANKO: Bendera iko peke yake na nyie wote mmeenda kuua

Wadau habari zenu. Toleo lililopita niligusa kidogo tu magemu ya zamani ya kurushiana risasi, Quake III nikaipa kama mistari miwili hivi, basi simu haijapumzika tangu siku hiyo, kumbe tuko wengi ambao ada ya tuition iliishia kwenye kafe. Na kilichonishangaza zaidi, meseji nyingi hazikuulizia Quake III yenyewe, zimeulizia ile nyongeza yake ya kucheza kitimu, Team Arena, ambayo mimi nilijua tumebaki watu sita tu tunaoikumbuka. Kwa hiyo leo safu nzima ni hiyo. Watu wa PlayStation mtanisamehe, zamu yenu inakuja.

Anko mambo vipi, nimenunua kompyuta ya mtumba ikaja na mkoba wa sidii, ndani kuna Quake III Gold. Nimeinstoo nimekuta vitu viwili, Quake III Arena na Team Arena. Hiyo ya pili ni gemu nyingine au ile ile? Na mbona natafuta misheni sizioni? (Msomaji, Mbagala)

Poa mdogo wangu. Misheni hutaziona hata ukeshe, hazipo. Quake III Arena ni kazi ya id Software, wale jamaa waliokuwa Mesquite, Texas, ilitoka Desemba 1999 na stori yake yote inaenea nyuma ya tiketi ya daladala: kuna viumbe wanaitwa Vadrigar, wamejenga viwanja huko angani, wanakusanya wapiganaji kutoka kila kona ya ulimwengu ili wawaangalie wakiuana. Imeisha hiyo. Ni kama pambano la ngumi, nani anauliza bondia kaja na stori gani?

Team Arena ndo nyongeza, ilikuja mwaka mmoja baadaye, Desemba 2000, na bila ile ya kwanza haiwaki. Humo wameongeza ramani mpya zikiwemo za nje kabisa, mabonde na vilima na ukungu, wakati ile ya kwanza ilikuwa zaidi mavyumba na makorido. Wameongeza silaha tatu, bunduki ya misumari inayotema misumari 15 kwa mpigo mmoja (kwa karibu ni balaa, kwa mbali unawarushia mchele), kuna ya kurusha mabomu ya kutega yanayonata ukutani au hata mwilini mwa mtu yakasubiri, halafu ile yenye mitutu inayozunguka ambayo inabidi ipashe moto kwanza ndo imwage risasi. Na wameongeza mitindo ya kucheza, hiyo ndo roho yenyewe, soma swali linalofuata.

Anko tumegombana na bradha, hatusalimiani toka Jumamosi. Yeye anasema kwenye Overload mtu mmoja fundi anaweza kuvunja lile fuvu la adui peke yake, mimi nasema haiwezekani. Tuamulie. Pia tuelezee Harvester maana hapa kila mtu ana sheria zake. (Ndugu wawili, Tanga)

Hahaha, jamani salimianeni kwanza.

Nianze na Overload kwa wasioijua. Kila timu ina mnara wake wenye fuvu pale kwao, kazi yenu ni kwenda kuuvunja wa wenzenu kabla hawajavunja wenu, ukivunjika mnapata pointi, baada ya muda kidogo unasimama tena. Sasa mimi sitawaamulia kwa maneno, nawaamulia kwa hesabu. Kwa mpangilio wa kawaida mnara una uhai 2500, na kila sekunde inayopita unajirudishia 15 wenyewe. Roketi moja ikigonga barabara inaondoa 100, na roketi inatoka moja kila baada ya sekunde 0.8. Piga hesabu hapo: unaondoa kama 125 kwa sekunde, wenyewe unarudisha 15, inabaki 110, gawanya 2500 kwa 110 unapata sekunde 23 hivi. Haya, bradha anaona kashinda. Bado. Hizo sekunde 23 ni roketi 28 au 29, na bunduki ya roketi ukiiokota inakuja na 10 tu, boksi la ziada linakupa 5. Yaani lazima uzurure uokote maboksi ndo uende, halafu usimame kwenye uwanja wa watu sekunde 23 unapiga mnara wao na wao wanakuangalia tu? Labda wameenda kuswali.

Ila kuna njia. Kila kambi ina pawa za kudumu (vitu vya kuokota vinavyokupa uwezo wa ziada), nne: Scout, Guard, Doubler na Ammo Regen, unachagua moja tu, unakaa nayo mpaka ufe, na unaokota za kwenu tu, za adui hazishikiki. Doubler inazidisha madhara mara mbili, kwa hiyo roketi yako inakuwa 200 na hesabu inashuka kwenye sekunde 11 hivi, roketi 13 au 14. Ammo Regen inakujazia risasi yenyewe na inakuongezea spidi ya kufyatua kidogo. Sasa mtu wa Doubler akienda na mwenzake mwenye Guard (huyo uhai wake unafika 200 na unajirudisha) akae mbele apokee kipigo, mnara unaondoka. Kwa hiyo jibu langu: kwa karatasi bradha yuko sahihi, kwa uwanjani wewe uko sahihi, na nani ananunua soda mtajua wenyewe.

Mnaona lakini gemu ilivyofanya hapo? Kila pawa ina kazi yake, na hakuna moja inayokupa kila kitu. Scout inakimbia kama swala na kufyatua haraka lakini havai ngao hata kidogo, ukiguswa umekufa. Yule ni winga. Guard ni beki. Shida ni ile ile ya ndondo, uwanja mzima kila mtu anataka kuwa straika, timu ya watu wanne wote wamebeba Doubler, wote wako kwa adui wanatafuta watu wa kuua, na kama mnacheza kuteka bendera (mnaiba ya adui mnaileta kwenu), nyumbani bendera yenu imekaa peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Halafu mkifungwa mnasema gemu mbovu.

Harvester. Hii ndo naipenda kuliko zote na ndo watu wanaikosea. Mtu akifa, fuvu lake halidondoki pale alipofia, linatokea katikati ya ramani kwenye mtambo. Unakwenda pale unaokota mafuvu ya adui, unayabeba mpaka kwenye KAMBI YA ADUI, siyo yako, unayatumbukiza pale, kila fuvu pointi. Ukifa njiani umepoteza yote uliyobeba. Na hii hapa wengi hawaijui: fuvu la mwenzako ukiligusa linapotea tu, hupati kitu, lakini na adui hapati. Kwa hiyo kuna kazi nzima ya mtu mmoja kukaa katikati anafagia mafuvu ya kwao, haui mtu, hapati sifa, jina lake liko chini kabisa kwenye ubao, na ndiye aliyewashindisha. Tulikuwa na mshkaji kwenye kafe moja mjini, mpole, hata kulenga hajui vizuri, alikuwa anafanya hiyo kazi usiku kucha na alikuwa anagombaniwa wakati wa kuchagua timu kuliko mafundi wa reli, ile bunduki ya kulengea watu kwa mbali.

Na tamaa ndo inaua watu humo. Umebeba mafuvu matatu, peleka! Hapana, anasubiri yafike kumi apige la pamoja, anakutana na bomu la kutega mlangoni, kumi zote zimeenda.

Niaje mkuu, niko Umoja, Nairobi. Mimi nacheza online seva za Ulaya na net yangu ni fiber poa kabisa, video haziwahi kukwama, lakini kwa Quake nampiga mtu na reli namwona kabisa nimemgonga, hafi. Wananiambia ni ping. Si fiber ndio ingemaliza hiyo story? (Msomaji, Nairobi)

Karibu jirani. Fiber yako inabeba vitu vingi kwa wakati mmoja, hiyo ndo inaitwa spidi kwenye matangazo. Ping ni kitu kingine, ni muda wa kwenda na kurudi, na hapo unashindana na umbali. Mwanga ndani ya waya unatembea kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi mpaka Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni kilomita elfu sita na kitu, nenda rudi elfu kumi na mbili na ushee, hapo tayari milisekunde 60 zimeliwa na jiografia, na waya wenyewe haujanyooka, unashuka Mombasa, unazunguka baharini kupitia Bahari ya Shamu, unapita kwenye mitambo kibao. Ndo maana unaona 150 na kuendelea.

Sasa 150 ina maana gani? Kwenye Quake III mchezaji anakimbia vipimo 320 vya ndani ya gemu kwa sekunde, na mwili wake kwa upana una vipimo 30. Kwenye milisekunde 150 ameshasogea 48. Wewe unachokiona ni pale alipokuwa, na risasi yako mpaka ifike kwenye seva yeye ameshahama mwili mzima na nusu. Umempiga kivuli. Ile Quake III ya asili seva yake hairudishi muda nyuma kukufidia, inabidi umlenge mbele ya anakoelekea hata kwa reli, ndo maana baadaye watu walitengeneza marekebisho ya kufidia hilo, na Quake Live, toleo la baadaye la kucheza mtandaoni, ikaja nayo.

Lakini msilalamike sana nyie watoto wa fiber. Kabla nyaya za baharini hazijafika kwetu, SEACOM mwaka 2009 ndo ikaanza, intaneti kubwa ilikuwa inapitia setilaiti zilizoko kilomita karibu 36,000 juu. Swali lako linapanda juu linashuka, jibu linapanda linashuka, hizo ni kilomita 143,000, karibu nusu sekunde kabla hata mtu wa upande wa pili hajapiga chafya. Sisi tulijaribu mara moja kwenye kafe, ping ikasoma mia nane na kitu, mtu anakufa halafu ndo anaisikia roketi. Tukaacha, tukarudi kwenye waya wa ndani, mashine kwa mashine. Na ukweli Team Arena ndo inaponoga hapo, mkiwa chumba kimoja unamsikia mwenzako anapiga kelele wamechukua bendera kushoto, wewe wa seva za Ulaya unacheza na watu ambao hata sauti zao huzijui.

Salaam alaikum Anko, mimi nipo Muscat. Kama ilikuwa nzuri hivyo mbona ilikufa? (Msomaji, Oman)

Waalaikum salaam. Ilichelewa, na ilikuja na bei. Unreal Tournament ilikuwa sokoni tangu Novemba 1999 na michezo ya timu imo ndani tayari bila kununua nyongeza. Counter-Strike ilikuwa inagawiwa bure kwa wenye gemu ya Half-Life tangu 1999, na boksi lake la dukani lilitoka Novemba 2000, mwezi mmoja tu kabla ya Team Arena. Halafu nyongeza ya kulipia inagawa watu: aliyenunua hawezi kucheza mitindo mipya na rafiki yake ambaye hajanunua, na marafiki wenyewe walikuwa na kuteka bendera ndani ya gemu ya kwanza pamoja na modi kibao za bure (nyongeza zilizotengenezwa na mashabiki). Ongeza zile ramani kubwa za nje zilizokuwa zinazielemea mashine za wakati ule. Mimi sitetei, mimi mwenyewe nilicheza ya kuazima.

Anko nipo mwenyewe geto, sina timu, nacheza na boti. Boti za timu yangu zina akili au zinazuga? (Msomaji, Arusha)

Kwa wageni, boti hapa ni wachezaji wa kompyuta, siyo zile za kwenda Unguja.

Zina akili kuliko unavyodhani. Alizitengeneza Mholanzi mmoja, Jean-Paul van Waveren, kwenye michezo alijulikana kama Mr. Elusive, na hizo boti zikawa ndo andiko lake la chuo kikuu cha Delft mwaka 2001, marehemu sasa, alifariki 2017. Unaweza kuziamrisha kwa kuandika kwenye chati: andika jina la boti halafu follow me, inakufuata kweli. Team Arena ikaongeza menyu ya amri kabisa, na sauti, unachagua tu na kuituma moja ilinde, nyingine iende mbele. Ila Kiswahili hazijui, nilishaandika NIFATE WE MJINGA mara nne ikaenda zake.

Halafu kuna hii. Mwaka 2019 watu wa DeepMind, kampuni ya akili bandia ya London, walitoa utafiti kwenye jarida la Science, walichukua Quake III wakaifundisha programu kuteka bendera kwa kuangalia picha za skrini tu, bila kuambiwa mbinu, kila moja ikacheza mechi kama laki nne na nusu. Zikajifunza zenyewe kumfuata mwenzake, kulinda nyumbani, na kwenda kukaa kambini kwa adui kusubiri bendera irudi. Na binadamu waliocheza nazo walipoulizwa wakasema zinashirikiana kuliko wachezaji binadamu. Mimi nimecheza na nyie, sishangai.

Habari za kazi Anko. Mwanangu wa miaka 11 amepakiwa hii gemu na binamu yake, nimeona vichwa vinapasuka nikashtuka. Ni ya watoto kweli? (Mama, Morogoro)

Shikamoo mama. Hapana, siyo ya miaka 11. Marekani Quake III ilipewa daraja la M, yaani kuanzia miaka 17, na ni kwa hicho hicho ulichokiona. Kwenye Team Arena kuna kitu kinaitwa Kamikaze, mtu anajilipua na kila aliye karibu, hata akifa akiwa amekibeba mwili wake unalipuka sekunde chache baadaye. Binamu akisema kuna njia ya kuzima damu hasemi uongo, unafungua ile sehemu ya kuandika amri unaweka com_blood 0, damu inapotea, ila kuuana kunabaki pale pale. Mimi wangu wa umri huo anacheza magari. Na wakikuletea OpenArena, gemu ya bure inayofanana na hii, wakisema hii ni nyingine, fungua uangalie kwanza mama, humo wahusika wengine wamevaa nusu nusu.

Broo tuko wanne hosteli, laptopu zetu za kawaida, hatuna hela ya kununua kila mtu. Kuna njia ya halali ya kucheza vitu vya Team Arena? Na bando hatuna. (Wanafunzi, Mwanza)

Ipo, na bando mtatumia mara moja tu. Agosti 2005 id Software waliachia msimbo wa Quake III kwa leseni huria ya GPL, mtu yeyote anautumia. Lakini waliachia injini, hawakuachia mwili: ramani, picha na sauti bado ni mali yao, zimo kwenye mafaili ya pak0.pk3 yanayokuja na gemu uliyonunua. Kwa hiyo mwenye gemu halali anachukua ioquake3, ndo injini ile ile iliyosafishwa inaenda vizuri kwenye mashine za sasa, anaweka pak0 ya Arena kwenye folda ya baseq3 na ya Team Arena kwenye missionpack, na asisahau zile pak za marekebisho.

Nyie msio na gemu chukueni OpenArena, ni bure kihalali, imejengwa juu ya msimbo ule ule na mwili wake wametengeneza watu wenyewe, na Harvester na Overload na ule mtindo wa kugombania bendera moja ya katikati vyote vimo. Mmoja ashushe, wengine mkopiane kwa flashi.

Kuunganisha: mmoja awashe hotspoti ya simu, data azime kabisa, haihitajiki, wote mjiunge. Mwenye laptopu nzuri ndo afungue seva. Wengine wasipoiona kwenye orodha, bonyezeni ile batani iliyo chini ya Esc, sehemu ya kuandika amri itafunguka, andikeni connect halafu anwani ya mashine yake, mara nyingi inaanza na 192.168. Ikigoma, asilimia kubwa ni ukuta wa ulinzi wa Windows kwenye mashine yenye seva, iruhusu gemu au fungua mlango 27960 wa UDP. Na wote muwe na toleo moja, mmoja akiwa na la zamani atakaa nje usiku mzima anawaangalia.

Wanne ni wawili kwa wawili, ongezeni boti mbili mbili. Na yule asiyejua kulenga mpeni kazi ya mafuvu.